Senene wa Joackim

Nyanga, Bukoba, Jumamosi, 1 Novemba

Gari limefika! Viti saba, rangi ya kahawa iliyokaangwa, vioo vinapanda na kushuka kwa kidole kimoja. Aliyelitoa bandarini Dar na kuliendesha mwenyewe hadi hapa ni shemeji yangu Joackim, mdogo wa mke wangu Annastella. Ndiyo kazi yake, kuwaletea watu magari, na lazima niseme kaifanya vizuri. Mimi Protase, mwalimu mkuu mstaafu, niliyechakaza baiskeli kwenye vilima vya Bukoba mpaka magoti yakalalamika, leo nimepiga honi kwenye geti langu mwenyewe na mke wangu akaja kunifungulia. Nikapiga tena. Annastella akasema, "Mwalimu, geti limeshafunguka."

2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Tumekwenda na gari kwenye kaburi la baba. Kaburi lenyewe liko kwenye migomba nyuma ya nyumba yake, ni mwendo wa kutembea tu. Lakini tumekwenda na gari.

5 Novemba

Joackim kaniunganisha na kundi la simu la wenye magari kama hili, linaitwa Viti Saba. Kazi yao ni kulalamika kutwa. Huyu taa zinawaka zenyewe, yule vioo vinagoma, mwingine betri inalala nzima inaamka imekufa. Msimamizi ni Mustapha wa Mwanza. Nimesoma nikacheka. Langu linanguruma kistaarabu kabisa.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumetoka Muleba kumsalimia mama mkwe, Ma Kokubanza. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wamemwagika wiki hii, kila nyumba inanukia. Alikuwa amekaa jikoni na sinia mapajani, ananyonyoa mbawa na miguu, kichwa kakifunika aliponiona. "Nyegera waitu," akanikaribisha kwa Kihaya, "mkwe wangu kaja na ndege yake!"

Wakati wa kuondoka akanipa mafurushi mawili, senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. La kwangu kalifunga kwa uzi wa mgomba. La pili kaliviringisha na kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani chenye maua ya njano. "Hili la Joackim. Mpelekee mwenyewe, mkononi." Kwetu furushi la senene si chakula tu. Mama akikutumia, amekuheshimu, na wewe unapeleka asante yako upesi, ukiweza unaiweka na kitenge juu.

Tulipofika nyumbani Annastella, ambaye ni muuguzi na ananiuguza hata nikiwa mzima, akachukua furushi langu. "Presha yako, Mwalimu. Chumvi na mafuta." Kanipimia kiganja kimoja, wengine kawagawia majirani! Furushi la Joackim liko kwenye droo ya gari, upande wa abiria.

9 Novemba

Nimepita kwa Joackim, hayupo. Kesho.

10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua furushi kidogo kuhakikisha hawajaharibika. Hawajaharibika.

12 Novemba

Joackim kapita kusalimia. Nilisahau kumpa.

Si kweli. Nilikumbuka vizuri sana, maana nilipomwona anaingia getini moyo ulinidunda. Furushi lilikuwa limeshapungua.

14 Novemba

Kila baada ya chakula cha jioni, ule mchicha wa Annastella usio na chumvi, natoka kwenda kusikiliza injini. Nafunga vioo, nawasha redio, nasikiliza injini. Annastella anasema hajawahi kuona mtu anayependa injini namna hii.

16 Novemba

Waliobaki ni wachache mno, huwezi kumpelekea mtu mzima senene wa kuziba jino. Nikaenda sokoni kununua wengine, nikawafunga kwenye kitambaa kilekile cha mama, kesho nampelekea. Hatajua, na hakuna aliyepunjwa.

17 Novemba

Nimesikiliza injini.

20 Novemba

Kuna taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Halafu ikazima. Halafu waipa zikaanza kupiga kioo wakati jua linawaka, mbele ya kanisa, watu wanatoka kwenye misa ya asubuhi. Nikawapungia mkono, kana kwamba naosha kioo.

22 Novemba

Nimeandika kwenye Viti Saba. Nilijikuta nami nalalamika kama wao. Wakanipokea kwa furaha kama mgeni wa kipaimara. Mmoja akasema ndivyo yalivyo magari haya, wauzaji wanajua na wanaficha. Mustapha akauliza, "Mwalimu, umeangalia panya? Panya wanapenda sana nyaya." Nikamjibu kwamba kwangu ni kwa watu wasafi na mke wangu ni muuguzi. Panya! Huyu bwana ananionaje?

24 Novemba

Vioo vyote vimeshuka vyenyewe, mvua inanyesha. Viti vimelowa. Nimevianika, maji yote nimeyakamua kwa taulo, majirani wanaangalia juu ya uzio.

26 Novemba

Droo imekwama. Nimeivuta, nimeibembeleza, nimechokonoa kwa kisu cha jikoni. Senene waliobaki na kitambaa vimo ndani. Gari lote linanuka mafuta ya kukaangia, hata Annastella kauliza.

Muleba, Jumamosi, 29 Novemba

Naandika nimekaa kwenye benchi la jikoni kwa mama mkwe, hakuna anayenisemesha.

Leo tumemzika mzee wetu, Ta Datius, shemeji yake mama mkwe. Watu walikuwa wengi, kibanja kizima kimejaa. Niliegesha gari karibu, kwenye ukingo wa migomba. Najua kwa nini, nilitaka lionekane. Padre alikuwa ameshafika kwenye udongo kwa udongo, kimya kimetanda, unasikia matone yanavyodondoka kwenye majani. Ndipo honi ilipolia.

Haikulia mara moja ikanyamaza. Ililia moja kwa moja, kama ng'ombe aliyekwama kwenye mtaro. Nikabonyeza rimoti, wapi. Milango imejifunga, boneti haifunguki, taa zinapepesa zote. Vijana wakalitikisa. Padre akashusha kitabu akasubiri. Mjane akainua uso kutoka kwenye kaburi la mumewe akaangalia gari langu. Kuna mtu nyuma alicheka, akazibwa mdomo. Nilitamani nami nifukiwe humo humo.

Mwishowe likanyamaza lenyewe. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Hili ni gari la nani?"

Ningeweza kusema ni langu, samahanini. Badala yake nilisema, na nilisema kwa ile sauti ya kutangazia matokeo paredi: "Muulizeni Joackim! Kaniuzia mkweche huku akijua. Ndugu wa mke wangu kabisa, kanitapeli mchana kweupe!"

Joackim alikuwa ameshika udongo wake mkononi. Akautupa kaburini taratibu, akapangusa kiganja, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Na hatua chache kutoka kwake alisimama Ta Rugaibula wa Maruku na kaka zake, waliokuja kuzika kwa sababu Joackim anamchumbia binti yao, Kokuberwa. Mahari ilikuwa ipelekwe Jumamosi ijayo. Nilimwona Ta Rugaibula anamtazama Joackim kuanzia viatuni kupanda juu.

30 Novemba

Annastella karudi Bukoba kwa basi. Hakutaka kupanda gari.

2 Desemba

Joackim kaja. Hakuingia ndani, alisimama barazani na kofia yake mkononi. "Shemeji, gari lile nimeliendesha kutoka Dar mpaka hapa, hakuna taa hata moja iliyowaka. Nipe ufunguo. Nalipeleka kwa Avit, fundi waya, afungue dashibodi yote. Kama kosa ni langu, nitalitengeneza kwa mkono wangu."

Maneno ya kiungwana kabisa. Nikamwambia asiguse mali yangu. Nikamwambia tapeli hawezi kujikagua. Alipoondoka nilikwenda kuvuta droo tena, kwa nguvu zote, mpaka nikachubuka. Haikufunguka. Sijui nani ananidhalilisha zaidi, gari au mimi.

4 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mahari. Mshenga kapiga simu asubuhi, Maruku wamesema tusubiri kwanza. Kufikia mchana tumejua maana ya kusubiri. Ta Rugaibula kasema, "Kama kamtapeli mume wa dada yake wa damu, binti yangu atamfanya nini?" Na watu wawili wa Muleba waliokuwa wamuagize magari wamebadilisha mawazo. Annastella kanisimulia haya yote akiwa ananikatia kucha za miguu, maana siwezi kuinama vizuri. Alinikatia zote. Hakuinua uso.

9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mama mkwe kanipigia simu. "Mkwe wangu, wewe ni mtu mzima, nisaidie kuongea na Joackim. Toka nimtumie senene hajaniambia hata asante. Nilikuwa nasema amebanwa na kazi. Lakini sasa najiuliza, labda ulivyosema pale kaburini ni kweli. Labda mtoto kaniharibikia mjini na mimi sikuona."

Nikasema, "Nitaongea naye, mama."

Ndicho nilichosema. Nimekiandika ili nikione. Mama anaanza kumkana mwanawe kwa sababu ya senene nilio nao tumboni, na mimi namjibu kwa heshima, nitaongea naye. Sijawahi kujichukia hivi, na bado sikupiga simu tena.

13 Desemba

Dhoruba ya mvua na upepo, migomba miwili imeanguka. Sijagusa gari.

Ijumaa, 19 Desemba

Mama mkwe aliomba nimpeleke Maruku akamwombee mwanawe kwa Ta Rugaibula. Ningekataaje? Annastella alikuwa zamu hospitalini. Nikaenda peke yangu kumchukua Muleba. Gari liliwaka vizuri mno, nikaanza kuamini limepona.

Alikaa nyuma, kama inavyotakiwa kati ya mama na mkwe wake, kichwa amekifunika, kikapu cha ndizi miguuni. Njia nzima alikuwa anajifunza maneno atakayosema Maruku, taratibu, chini chini. "Mwanangu hakulelewa hivyo, waitu. Mwanangu hakulelewa hivyo."

Tulipofika Kemondo, karibu na wauza samaki, dashibodi ikawaka yote. Injini ikazima. Milango ikajifunga, ta! Waipa zikaanza, honi ikaanza, na vioo viko juu, havishuki. Ndani kukaanza kunuka mpira unaoungua. Mimi na mama mkwe wangu, tumefungiwa kama kuku kwenye tenga, na wanawake wa samaki wameacha mizani yao wamekuja kututazama. Mama akaanza kukohoa. Nikapiga kioo kwa kiwiko, mzee mzima, wapi, mpaka kijana mmoja akakivunja kile kidogo cha nyuma kwa jiwe, akafungua kwa ndani, akamshika mama mkono akamtoa. Bahati vijana wakachomoa betri kabla moshi haujawa moto.

Avit fundi waya akaja kwa bodaboda kutoka mjini. Hakusema mengi. Akaangalia chini ya usukani, akahamia upande wa abiria, akaivuta droo. Nikasema, "Hiyo acha, haihusiki." Nilisema haraka mno. Akanitazama, akachukua bisibisi.

Mae! Panya mkubwa akaruka akapita begani kwake. Nyuma yake vitoto vya pinki, vinajinyonganyonga kwenye kiota. Nyaya nyuma ya droo zimetafunwa mpaka shaba inang'aa, nyekundu, bluu, zote, zimegusana hovyo. Na kiota chenyewe kilikuwa cha majani makavu ya mgomba, chembechembe za senene, na vipande vya kitambaa cha kijani chenye maua ya njano.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale mlangoni. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kimoja, akakigeuza. Kikubwa kuliko vyote, kinafika kiganja. Akakikung'uta mavi ya panya. Nilingoja aseme, hata anitukane mbele ya wauza samaki, ningeshukuru. Akakikunja kwa nne, akakitia kifuani.

Ikaja Hiace inayokwenda Muleba. Akapanda na kikapu chake. Tangu nimwoe binti yake ananiita mkwe wangu. Leo alisema, "Kwaheri, Mwalimu."

20 Desemba

Nimemwambia Annastella ni panya. Kafurahi sana, karibu anikumbatie. "Kwa hiyo Joackim hana kosa! Twende tukawaambie Maruku!" Nikasema ndiyo, panya ndiye mkosaji. Habari ya senene sikumgusia. Mama mkwe naye hajapiga simu. Ameniachia mimi niseme, na mimi nimeshikilia panya kwa mikono yote miwili.

25 Desemba

Noeli. Foleni ya komunyo ilipofika kwenye benchi letu nilibaki nimekaa. Annastella akarudi, akapiga magoti pembeni yangu, akaninong'oneza, "Panya gani huyo anayekuzuia komunyo?"

Nikamwambia yote tukiwa tunatembea kurudi nyumbani. Alisimama katikati ya barabara. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Na mimi nilikuwa nawaambia wenzangu wodini mume wangu anapenda injini."

27 Desemba

Kwa Joackim. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, mwanaume yule mrefu. "Shemeji, mama alininunia mwezi mzima. Nilikuwa nampigia, ananijibu mkato. Nikadhani na yeye ameniona mwizi." Nikaanza kuomba radhi, akaninyooshea kiganja. "Mimi nilijua gari ni zima. Waambie wale waliokusikia."

Maruku, Jumapili, 28 Desemba

Walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa Ta Rugaibula. Kaka zake, wake zao, Kokuberwa mwenyewe pembeni ya mlango, mshenga, Joackim. Mama mkwe kaja kutoka Muleba na kitenge kipya, kakaa mkekani, hakunitazama. Nilikuja na Annastella kwa bodaboda. Suti yangu ilikuwa na matope mpaka magotini.

Nikasimama. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, sikujua mdomo unaweza kukauka vile. Nikasema gari halikuwa na kosa, Joackim hakuwa na kosa, ni panya waliotafuna nyaya, fundi kashuhudia, nami niliropoka kaburini kwa hasira. Nikaomba radhi. Wakaguna mguno mzuri, wa kuridhika. Mshenga tayari anatabasamu. Nikaanza kukaa.

Ta Rugaibula akasema, "Asante, Mwalimu. Lakini nieleweshe. Sisi wakulima panya tunamjua, anafuata chakula. Gari jipya kutoka bandarini, panya walifuata nini humo?"

Matako yangu yalikuwa yameshagusa kiti. Nikamwangalia mama mkwe. Ananyoosha pindo la kitenge chake, vidole havitulii. Najua ningesema ni makombo ya mkate, yangeisha pale. Hakuna ambaye angenipinga, hata yeye. Nikasimama tena.

"Senene," nikasema.

"Senene gani?"

"Wa Joackim. Mama yake alinipa nimpelekee, kwenye kitambaa chake cha kichwa. Nikawala. Kila jioni, ndani ya gari, vioo nimefunga, mke wangu asijue. Nikanunua wengine wa kurudisha, nao nikawala. Mama aliponilalamikia kwamba mwanawe hajashukuru, nikamwambia nitaongea na mwanawe. Joackim hakuwahi kuona hata mguu wa senene mmoja."

Shangazi mmoja akapasuka kwa kicheko, akajifunika khanga usoni, na sebule nzima ikafuata, wanaume wanapigana mabega, Ta Rugaibula anajifuta machozi. "Mwalimu mkuu! Ndani ya gari!" Nilisimama katikati yao nikaoga kile kicheko chote. Waliokuwa hawacheki ni wawili tu. Joackim alikuwa amevuka chumba amepiga magoti mbele ya mama yake, na mama yake amemshika kichwa kwa mikono miwili, anasema, "Mwanangu, hukupata. Mae, mwanangu, hukupata."

30 Desemba

Nimeandika Viti Saba: Ni panya. Mustapha kajibu, "Pole, Mwalimu." Sikustahili pole ile.

Maruku, Jumamosi, 3 Januari

Mahari imepokelewa. Orubisi, pombe yetu ya ndizi, imenywewa, Kokuberwa kacheza mpaka kilemba kimeanguka. Joackim ndiye aliyenileta, kwa gari langu, Avit kalirudishia nyaya mpya. Njiani waipa zilipiga mara moja tu, na kweli mvua ilikuwa inanyesha.

Kabla ya chakula mama mkwe akatoka jikoni na sinia. Ndani kulikuwa na mafurushi mawili ya majani ya mgomba, senene wa mwisho wa msimu, alikuwa amewaweka. La kwanza akampa Joackim mkononi, mwenyewe. Joackim akasimama akampa kitenge, wanawake wakapiga vigelegele. La pili akaja nalo kwangu. Annastella akaangalia upande mwingine, presha yangu leo kaisamehe.

Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, mama. Sikujua nifanye nini nalo. Nikaanza kulitia kwenye mfuko wa koti, kwa adabu, nile baadaye.

"Hapana, mkwe wangu," mama akasema, akakaa mkekani mbele yangu, na watu wote wakageuka. "Fungua. Kula hapahapa, tukuone."